Mtetea Aliyewika Pujini

Kambi ya chumvi, Kilwa
6 Oktoba 2024

Kwa mke wangu mdogo Ruweida,

Assalaam alaykum. Mimi mumeo mkongwe ni mzima, isipokuwa mgongo, ambao siku hizi unalia kama mlango wa jikoni kwetu. Nisalimie bibi yako Zulekha, mke wangu mkubwa, umwambie aache kukuonea wivu, yeye alianza kula vyangu kabla hujazaliwa. Nisalimie na mama yako Mize. Mwambie baba yake bado hajafa.

Kazi huku ni ile ile. Tunaifungia bahari kwenye mabwawa, jua linainywa, kinachobaki tunakikokota kwa reki na kukirundika. Ukitazama rundo mchana macho yanatoka machozi kama ya mfiwa. Himid wa Gando, utingo wa lori letu, amepata ruhusa anavuka Pemba, ndiye nimempa barua hii. Niliishia darasa la tano, basi palipokosewa upasahihishe mwenyewe, usiwaonyeshe watu.

Sasa neno lililonikalisha chini. Ijumaa nilipanda juu ya rundo, pale mtandao unaposhika, nikapiga simu yako unisomee kasida kama kawaida yetu. Ikapokelewa na mwanamume. Akasema "haloo" kwa sauti nzito, kama imamu mwenye mafua, kisha akakata. Nikapiga tena, ikazimwa.

Mke wangu, mimi ni mzee lakini sijakuacha. Kama ni kijana wa skuli, aje anitazame usoni. Nitamtajia mahari mpaka arudi kwao kwa miguu. Nani huyo?

Mumeo,
Ngwali


Pujini
2 Novemba 2024

Mume wangu mkongwe,

Waalaykumu salaam. Shikamoo kwanza, maana utani hauondoi heshima.

Sote hatujambo. Karafuu mwaka huu zimekubali. Ua mzima ni majamvi, hakuna pa kutia mguu, na bibi anashinda na fimbo kufukuza kuku. Harufu imeingia mpaka kwenye wali. Mke mwenzangu anasema vyako alivyokula havikumshibisha, kwa hiyo wivu hana.

Kuhusu mwanamume, ulikosea namba. Mzee anayelia machozi juu ya chumvi ataonaje tarakimu? Na usinipigie tena kwa sasa, simu yangu imeharibika pa kusemea. Tuandikiane tu. Barua naipenda, naweza kuisoma mara mbili.

Kasida siongozi. Nilipatwa na mafua, madrasa wakamweka Mardhiya.

Wewe umeandika mgongo. Himid kaniambia mguu, ati unachechemea na buti huvui mbele ya watu. Kipi ni kipi?

Mkeo,
Ruweida


Kambi ya chumvi, Kilwa
1 Desemba 2024

Kwa mke wangu mdogo,

Salamu nyingi kwako na kwa wote. Nimefurahi kwa karafuu. Nikumbukieni kikonyo kimoja nitie kwenye chai, huku tunakunywa maji yaliyotiwa rangi.

Namba sikukosea, mtoto wee. Na Himid ana mdomo unaofanya kazi pande zote mbili. Amenieleza kwamba alipokuletea barua alipiga hodi, ndani ikajibu sauti ya mwanamume, "Karibu." Akangoja huyo mwanamume atoke. Ukatoka wewe, mtandio umeuzungusha mpaka mdomoni kama mtu anayepita penye moshi, ukampokea barua kwa ishara na mlango ukafungwa. Himid hana akili ya kutunga uongo.

Basi nimekaa nimefikiri, na nimeelewa. Mama yako ameolewa kwa siri. Mimi sikatai. Mize ni mjane mwaka wa sita huu, bado ana nguvu zake. Ila mtu kuoa kwangu, akanipokelea simu, akanikatia, hata jina asiniambie, hayo si mazuri. Mwambie mama yako anitajie jina lake na kwao. Kama ni mvuvi atuletee samaki, kama ni mwalimu mnionee huruma.

Mgongo ndio unaouma. Mguu ni wa Himid.

Ngwali


Pujini
5 Januari 2025

Babu,

Leo sikuiti mume.

Shikamoo. Bibi hajambo. Mama hajambo, lakini barua yako aliifungua kabla yangu, na mchana ule hakula. Bibi naye alicheka mpaka akakaa chini, akasema kama Mize kapata mume basi yeye amlete hata wa kuazima, kuna mnazi unataka kuanguliwa.

Hakuna mwanamume katika nyumba hii. Uliyemsikia ni mimi. Aliyemjibu Himid ni mimi. Nilisahau, nikaitika.

Ilianza baada ya Ramadhani iliyopita. Sauti ilikuwa inanikatika katikati ya kasida, nikidhani mafua. Bibi akanichemshia tangawizi. Kila mwezi ikashuka kidogo, mpaka ikawa hii. Uso umejaa chunusi na kidevuni panaota nywele, nazing'oa kwa uzi alfajiri kabla watu hawajaamka. Lile jambo la kike la kila mwezi limekatika, hilo sikuandikii zaidi. Na upande wa kushoto wa tumbo pana uzito, kama nimemeza embe zima.

Mama alimleta mtu, akafukiza ubani, akasema ni jini la kiume limenipenda. Ninakunywa kombe, yale maji ya kuoshea aya zilizoandikwa, kila asubuhi. Sijanywa kwa dharau, nimekunywa kwa nia, lakini sauti iko pale pale. Skuli siendi tangu mwezi wa kumi. Mama anasema tusubiri, tusimwambie mtu, kwa sababu watu wakisema mimi si mwanamke, neno hilo halitafutika hata nikipona.

Babu, unamkumbuka yule mtetea wa bibi, kishingo, asiye na manyoya shingoni? Alipowika alfajiri kama jogoo, mama alisema kuku jike akiwika ni mkosi wa nyumba. Hakufika adhuhuri. Mimi ndiye niliyemshika miguu akichinjwa. Siku hizi kila nikifungua kinywa namkumbuka yeye.

Usinitanie katika hili. Au nitanie, lakini kidogo.

Ruweida


Kambi ya chumvi, Kilwa
9 Februari 2025

Ruweida mjukuu wangu,

Lori lilivunjika ekseli, barua yako imelala kwenye droo ya lori la Himid huku mimi nikijichekea juu ya baba yako mpya. Kwanza niombee radhi kwa mama yako. Mwambie nimemvua mume niliyemvalisha.

Yule mtetea namkumbuka kuliko wewe. Wewe ulimshika miguu, lakini aliyempasua ni mimi, nilikuwa nyumbani kwa likizo. Na kuna kitu sikukisema, kwa sababu hakuna aliyeniuliza na mchuzi ulikuwa unangojwa. Pale ndani ambapo mayai machanga hupangana kama shanga, nilikuta uvimbe mgumu, wa manjano, kama ndimu. Nikamwonyesha bibi yako. Akasema, "Tupa huko, usinitilie kinyaa." Nikautupa. Tukala.

Yule kuku hakuwa na mkosi, Ruweida. Alikuwa mgonjwa, nasi tukamtia nazi.

Sisemi wewe ni kuku. Kuku alikuwa ananitii. Wala sijui ndani yako mna nini, mimi ninajua chumvi tu. Ila wewe mwenyewe umeandika sauti, umeandika tumbo zito, na umeandika lile jambo lililokatika. Usione haya, nimelea mabinti wanne katika nyumba ya vyumba viwili, hakuna nisichokijua. Mtu mwenye mambo matatu mwilini kwa pamoja haendi kwa wafukiza ubani. Anakwenda hospitali, anapimwa.

Sasa msomee mama yako maneno haya kwa hiyo sauti yako, tena kwa nguvu. Mize, hii si ruhusa, ni amri ya baba yako. Mpeleke mtoto hospitali wiki hii. Kombe aendelee nalo, dua haigombani na daktari. Unaogopa watu watasema nini. Watu walisema nini juu yako ulipofiwa? Walisema, wakachoka, wakarudi makwao. Mtoto akifa kwa siri hatakuwa na sifa nzuri zaidi.

Hilo jini kama likikataa kupanda gari, liacheni nyumbani na Zulekha. Jioni litakuwa limehama lenyewe.

Mguu una kidonda kidogo kisigino na kidole cha pembeni. Maji ya chumvi yanaingia kwenye buti. Si jambo.

Babu yako,
Ngwali


Unguja, hospitali
13 Machi 2025

Babu yangu,

Ramadhani karimu. Nakuandikia kitandani, mama anafunga kwa ajili yetu sote wawili na ananitazama kama nitaruka dirishani.

Niliisoma barua yako kwa nguvu kama ulivyosema. Mama alilia, bibi akaingia chumbani, akatoka amevaa baibui na viatu, akasema, "Haya, tunangoja nini, mpaka awike tena?" Tukaenda.

Hospitali ya Pemba walinipiga picha ya tumbo, wakatuleta huku Unguja. Daktari ni mwanamke. Kila alichoniuliza mama alijibu yeye, mpaka daktari akamwambia, "Mama, leo nataka kuisikia sauti yake, si yako." Nikasema jina langu. Nilitegemea atashituka. Akaandika tu, akaniambia niendelee.

Babu, nina uvimbe kwenye ovari, kile kifuko cha mayai, upande wa kushoto. Umefika ukubwa wa chungwa. Daktari anasema kila mwanamke ana homoni za kike nyingi na za kiume chache, na uvimbe huu wa kwangu unazitengeneza hizo za kiume bila kuulizwa na bila kupumzika. Ndizo zilizoota kidevuni, ndizo zilizoshusha sauti, ndizo zilizokata lile jambo. Ni ugonjwa adimu, lakini huwapata hata wasichana wa umri wangu. Nilimuuliza swali ambalo nyumbani sikuthubutu kuliuliza, kwamba je, mimi nageuka mwanamume? Akasema, "Wewe ni msichana mwenye uvimbe unaopiga kelele. Tutautoa."

Nikamweleza habari za kuku, nikidhani atacheka. Akaniuliza, "Babu yako aliutupa ule uvimbe?" Nikasema tulimla kuku mwenyewe. Hapo ndipo alipocheka.

Watanipasua Jumatatu ya tarehe ishirini na nne. Wataondoa ovari ya kushoto, ya kulia wataibakisha kama ni salama. Mama anauliza habari ya kuzaa kila koti jeupe likipita, hata kwa mfagiaji. Wanasema ovari moja hutosha. Kama uvimbe umekwishatoka nje ya mahali pake, mambo yatakuwa marefu. Hawajui mpaka wafungue. Mimi naogopa. Mchana naogopa kidogo, wakati wa kuoga naogopa sana.

Na wewe. Umenipa amri, nami nakupa. Mimi nikiingia kule ndani, wewe vua buti uende zahanati. Kidonda ambacho ni "si jambo" tangu mwezi wa kumi ni jambo. Usipokwenda nitajua, Himid ni wangu sasa.

Mkeo, kama bado unanitaka,
Ruweida


Kambi ya chumvi, Kilwa
20 Aprili 2025

Ruweida,

Salamu. Idi imepita. Masika yamekatika barabara, lori halitoki, mabwawa yamejaa maji matamu na chumvi yote inayeyuka mbele ya macho yetu. Hakuna kazi, kwa hiyo nina nafasi nzuri ya kufikiri mabaya.

Nimepata ujumbe mmoja wa mama yako: "Katoka salama." Maneno mawili. Mize tangu mdogo ni bahili wa maneno. Salama namna gani? Uvimbe ulikuwa umetoka mahali pake au haukutoka? Nampigia, mtandao unapiga kelele za bata. Nimempigia hata mke mwenzako, akanipokea, akaniuliza nimekula nini, simu ikafa.

Nilikwenda zahanati siku ile ile ya Jumatatu. Nesi alisema maneno mengi. Nitakueleza ukipona.

Sina utani leo. Niandikie hata mstari.

Babu yako


Pujini
25 Mei 2025

Babu yangu,

Nimerudi nyumbani. Samahani kwa ukimya. Himid hakuonekana, na mimi nilikuwa sicheki wala sikohoi kwa kuogopa mshono.

Uvimbe haukuwa umepasuka wala kusambaa. Ulikaa mahali pake kama mgeni mwenye adabu, isipokuwa kelele. Ovari ya kulia ni nzima, wameiacha. Waliupeleka uvimbe kupimwa, wakasema sihitaji dawa nyingine, ila niende kupimwa damu na tumbo kila baada ya miezi, kwa miaka. Mama amekwishazoea njia, anawajua manesi kwa majina.

Wiki iliyopita lile jambo la kike limerudi. Sikumwambia mtu ila bibi, na bibi hakumwambia mtu ila alipika pilau ya kuku siku ya kawaida, jirani wakauliza kuna harusi gani. Nywele kidevuni zimepungua.

Sauti haikurudi, babu. Daktari alinitahadharisha mapema. Nywele huondoka, lakini koo likishakua halirudi udogoni. Huenda ikapanda kidogo, huenda isipande. Nimeambiwa niishi nayo. Skuli nimerudi, lakini mwalimu akiniuliza nakwenda ubaoni nikaandika. Mardhiya alikuja kuniita kwenye kasida, nikamwonyesha tumbo, kama kwamba kasida husomwa kwa tumbo. Dukani naonyesha kwa kidole. Watu wanadhani operesheni imenifanya bubu, na mimi nimewaacha wadhani hivyo.

Ndiyo maana sikupigii. Usinikasirikie.

Nesi alisema nini?

Ruweida


Kambi ya chumvi, Kilwa
15 Juni 2025

Kwa mke wangu mdogo,

Namshukuru Mungu, na nimekurudisha katika ndoa.

Nesi alisema nina sukari, na kidonda nilichokificha kilikuwa kinanila. Kidole cha mwisho cha mguu kimebaki zahanati. Kingebaki na wenzake kama ningechelewa. Kwa hiyo wewe umetoa kimoja na mimi nimetoa kimoja, hatudaiani. Nimeondolewa kwenye reki, sasa napika. Wenzangu wanasema nilikuwa mkokotaji mzuri kuliko mpishi, na hawasemi hivyo kwa kuusifu mkokoto wangu.

Ile habari ya kuonyesha kwa kidole dukani siitaki. Umetolewa uvimbe, hukutolewa ulimi. Yule mtetea aliwika mara moja tukamnyamazisha sisi. Wewe unajinyamazisha mwenyewe, tena umekwishapona. Hata kuku hafanyi hivyo.

Ijumaa ya tarehe kumi na moja mwezi ujao, baada ya sala, nitapanda juu ya rundo nipige simu yako. Najua si mbovu pa kusemea. Akipokea yule mwanamume, mwambie asikate. Nina mazungumzo naye.

Ngwali


Kambi ya chumvi, Kilwa
13 Julai 2025

Kwa mke wangu mdogo Ruweida, na mke wangu mkubwa Zulekha, na Mize,

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima. Kidole hakijaota.

Naandika haya ingawa tumezungumza juzi, kwa sababu kuna sehemu hukuiona.

Iliita sana. Nilikuwa nimekwishakata tamaa, nashuka, mara ikapokelewa. Nikasikia bibi yako kwa mbali anasema, "Jibu, mwanamke, asije akadhani umekufa akaoa mwingine." Ndipo ukasema haloo. Na mimi, nilivyojitayarisha wiki tatu maneno ya kukuchekesha, yote yalinitoka. Ni sauti ya mama yangu, Ruweida. Hukumkuta. Alikuwa akiita watu shambani kutoka ng'ambo ya bonde na kila mmoja akidhani ameitwa yeye peke yake. Siku ile ya kwanza sikuijua kwa kuwa ulisema neno moja ukakimbia.

Ulipoanza kasida, mara ya kwanza ilikukatika. Ukasema, "Hapa ndipo inapoangukia." Nikakwambia anzia chini zaidi. Ukaanzia chini. Hapo, bila kukuambia, niliibonyeza simu isikike nje, nikaiweka juu ya ndoo.

Wakaja wenzangu mmoja mmoja na reki zao. Walikaa kwenye chumvi ilivyo kali, hakuna aliyelalamika. Ulipomaliza, Nyange, yule mkubwa wa gengi, akaniuliza, "Mzee Ngwali, nani huyo shehe?"

Nikamwambia si shehe, ni mke wangu.

Akanitazama. Akasema, "Mkeo ana sauti nzito."

Nikamwambia, "Ndiyo. Na Ijumaa ijayo atasoma tena, kwa hiyo njooni mmekwishaoga."

Mumeo mkongwe,
Ngwali